Udongo Usiachwe Uchi: Kunde, Mbaazi na Upupu katika Mashamba ya Kaskazini mwa Cabo Delgado

Katika Kireno kinachosemwa Msumbiji, shamba la mkulima mdogo huitwa machamba. Neno hilo halikuletwa na meli kutoka Lisbon. Ni mashamba ya Kiswahili, na wakulima wa pwani iliyoanzia mlangoni mwa mto Ruvuma, kupitia Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, walikuwa na mashamba yao kabla mkoloni hajajua kulitamka jina hilo. Huko wengi hulima kwa jembe la mkono na kungojea mvua. Mihogo, mahindi, mtama na mpunga ndiyo mazao yao, pamoja na mikorosho na minazi inayosimama karibu na nyumba.

Msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, kisha upepo wa kusi huingia na ardhi hukauka kwa miezi saba. Sehemu kubwa ya udongo wa pwani hiyo ni mchanga mwepesi. Mchanga ni rahisi kulima, lakini hauhifadhi. Maji hupenya upesi na kuchukua chakula cha mimea kwenda nacho chini, mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki. Juu yake jua la Oktoba huuchoma, na mvua za kwanza za Desemba hupiga udongo usio na jani hata moja la kuukinga. Kimbunga Kenneth kilipopiga pwani ya Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, mvua kubwa iliyofuata ilionyesha jinsi mashamba yaliyo wazi yanavyoweza kuchimbwa na maji kwa siku chache.

Wazee walikuwa na dawa yao. Walifyeka msitu, wakachoma, wakalima misimu miwili au mitatu, kisha wakahamia mahali pengine na kuliacha shamba lirudi kuwa kichaka kwa miaka mingi. Majani yalianguka na kuoza, mizizi ikapandisha chakula kutoka chini, na ardhi ikapata nguvu. Si haki kuwacheka wazee kwa kilimo hicho. Kilikuwa na akili yake, ila kilihitaji mambo mawili, ardhi kubwa na amani.

Yote mawili yamepungua. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Mwishoni mwa 2022 idadi ya watu waliokuwa wamehama makwao kaskazini mwa Msumbiji ilipita milioni moja. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliurudisha mji wa Mocímboa da Praia mikononi mwa serikali Agosti 2021. Majeshi ya nchi za SADC nayo, yakiwamo ya Tanzania yaliyokuwa Nangade, yalifanya kazi huko tangu Julai 2021 hadi Julai 2024. Familia nyingi za wasomaji wetu zinayajua majina ya vijiji hivyo kwa kuwa baba, mume au kaka aliwahi kuandika barua akiwa huko.

Baadaye watu wengi walianza kurudi. Mwenye shamba lililoachwa miaka mitatu hukuta kichaka, na kwa kweli ardhi hiyo imepumzika. Lakini anayehofia usalama wake hatakwenda kulima mbali. Hulima karibu na mji, karibu na barabara, karibu na kituo cha askari, na kila mwenzake hufanya hivyo hivyo. Isitoshe, upande wa Afungi, karibu na Palma, hekta zipatazo 7,000 zilitengwa kwa ajili ya mradi wa gesi, na familia zilizohamishwa zikajengewa makazi Quitunda. Eneo lililobaki hulimwa mwaka hata mwaka bila kupumzika. Kama kichaka hakina nafasi tena ya kulifunika shamba, hapana budi mkulima mwenyewe alifunike.

Vinundu vya mizizini

Mimea ya jamii ya mikunde ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hiyo. Hewa tunayovuta, zaidi ya robo tatu yake ni naitrojeni, na naitrojeni ndiyo inayoyapa mahindi rangi ya kijani na nguvu ya kukua. Mahindi hayawezi kuitwaa kutoka hewani. Kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe na ndugu zao huweza, kwa msaada wa vijidudu viitwavyo bakteria vinavyoishi ndani ya vinundu vidogo mizizini. Mmea huvilisha vijidudu hivyo sukari, navyo huupa mmea naitrojeni.

Mtu asitosheke na maneno ya gazetini, ajionee mwenyewe. Wiki ya sita baada ya kupanda, chimba mche mmoja wa kunde taratibu, usiung'oe kwa nguvu, kwani vinundu vitabaki ardhini. Pasua kinundu kwa kucha au kisu. Kikiwa na rangi nyekundu au ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakijaanza au kimekwisha kufa. Katika mchanga uliochoka sana huenda usione vinundu vingi, maana bakteria na mmea wote wawili wanahitaji fosforasi, na mchanga huo ni maskini wa fosforasi. Majivu ya jikoni na samadi ya mbuzi au kuku husaidia kidogo. Ni afadhali kuyapeleka shambani kuliko kuyatupa nyuma ya nyumba.

Hata hivyo si kila mkunde unaoiacha ardhi katika hali njema. Karanga hung'olewa mzima mzima, mizizi na majani, na mara nyingi majani hayarudi shambani. Aliyevuna hivyo amechukua na mbolea yake pia. Wakazi wa kusini mwa Tanzania wana kumbukumbu ya jambo hili kwa kiwango kikubwa kuliko shamba la mtu mmoja. Baada ya vita vya pili vya dunia, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga wa Tanganyika, ikafyeka misitu kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kujenga bandari ya Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Ulianza 1947. Kufikia 1951 uliachwa, na hasara ilihesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Karanga ni mkunde, lakini mkunde uliopandwa juu ya ardhi iliyovuliwa nguo na kukandamizwa na mitambo mizito haukuweza kuiokoa. (Nachingwea ikaja kupata sifa nyingine baadaye, pale wapiganaji wa FRELIMO walipofanya mazoezi yao huko.)

Upupu na maradhi ya 1989

Mabwana shamba wengi, wakiulizwa ni mmea gani bora wa kufunika udongo, watautaja upupu wa kupandwa, yaani ule usiowasha. Wareno wa Msumbiji huuita feijão macaco, maharage ya nyani. Sifa zake ni za kweli. Hutambaa na kulifunika shamba lote, magugu hukosa jua na kufa, na katika msimu mzuri hekta moja huweza kukusanya naitrojeni kilo 100 au zaidi katika majani na mashina yake. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una naitrojeni kilo 23 tu. Si yote itakayoyafikia mahindi ya mwaka unaofuata, kwa kuwa sehemu hupotea hewani na nyingine huzama mchangani, lakini hata nusu yake si haba kwa mtu asiyeweza kununua mfuko mmoja.

Upupu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, wiki nne hadi sita baada ya mahindi kuota. Ukipandwa mapema zaidi huyaparamia mahindi na kuyaangusha. Baada ya mavuno huachwa utambae, kisha hulazwa au kukatwa unapotoa maua na kuachwa juu ya ardhi kama matandazo. Msimu ufuatao mkulima hatifui shamba zima. Hufungua mashimo tu katikati ya matandazo na kupanda.

Sasa lipo jambo ambalo kila mama na kila mpishi wa kambi anapaswa kulijua. Mbegu za upupu zina kemikali iitwayo levodopa, kati ya asilimia 3 na 7 ya uzito wake. Levodopa ni dawa. Hospitalini hupewa wagonjwa wa maradhi ya kutetemeka, kwa kipimo cha daktari. Anayekula sahani nzima ya mbegu zisizotayarishwa vizuri hutapika, moyo humwenda mbio, na akili huweza kuvurugika. Wenyeji wa mkoa wa Nampula, jirani wa kusini wa Cabo Delgado, wanajua kuzila mbegu hizo wakati wa njaa. Huzichemsha mara nyingi na kumwaga maji kila mara. Mwaka 1989 kulikuwa na vita, ukame na njaa huko Nampula. Maji yalikuwa haba, na wapishi hawakuweza kuyamwaga na kuanza upya kama ilivyo desturi. Zaidi ya watu 200 walipatwa na wazimu wa ghafula, na madaktari waliochunguza walikuta chanzo chake ni mbegu hizo. Habari hiyo ilichapishwa 1990 katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Tena si mara ya kwanza mkoa huo kupatwa na msiba wa namna hiyo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula mihogo michungu ambayo haikulowekwa wala kuanikwa siku za kutosha. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Watu wa Nampula hawakuwa wajinga wa mihogo. Walikuwa wakiitayarisha tangu mababu. Njaa ndiyo iliyowanyima siku, na ukame ukawanyima maji.

Kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya hakubaliani na wale wanaoupeleka upupu mbele ya yote katika vijiji vya watu waliorejea. Mtu aliyerudi na watoto wanne, ambaye ghala lake ni tupu, akipewa mbegu nzuri kubwa zinazofanana na maharage na kuambiwa azipande kwa ajili ya udongo tu, atazipika. Nani atamlaumu? Na atazipika katika sufuria moja, kwa ndoo moja ya maji aliyoifuata mbali. Ama kwa mwenye akiba ya chakula, kwa bustani ya shule yenye mwalimu wa kuisimamia, au kwa shamba la kikosi, upupu ni mmea mwema, mradi mbegu zifungiwe mbali na jikoni na mbali na watoto. Kwa nyumba yenye njaa, mmea wa kufunika udongo uchaguliwe kwa kutazama sufuria kwanza.

Kunde mbele

Kunde ndiyo inayostahili kutangulia. Wiki tatu au nne tu baada ya kupanda, majani machanga huchumwa na kupikwa mboga, wakati ambapo mahindi bado hayajafika kiunoni. Aina za muda mfupi hukomaa kwa siku 60 hadi 75. Za kutambaa huchelewa, lakini ndizo zinazofunika vizuri. Katika shamba la mihogo, ambayo hukawia kutandaza majani yake, kunde huijaza nafasi ya katikati miezi mitatu ya mwanzo, wakati uleule ambapo palizi huwachosha akina mama kuliko kazi nyingine yoyote. Katika mahindi, mstari mmoja wa kunde kati ya mistari miwili unatosha. Yafaa kuchuma majani kwa kiasi, kwani kunde iliyonyonyolewa kila siku haizai. Mavuno yakiisha, vuna maganda na uache mashina palepale. Vidukari na viwavi wa maganda huishambulia sana, na hilo ndilo tatizo lake kubwa.

Mbaazi hufanya kazi ya namna nyingine. Miezi miwili ya kwanza hukua polepole, kwa hiyo haigombani na mahindi yaliyopandwa nayo Desemba. Mahindi yakivunwa, mbaazi ndiyo kwanza huanza kunyanyuka, ikinywa maji yaliyobaki chini kwa mzizi wake mrefu, na hukaa kijani katikati ya kusi wakati kila kitu kimekauka. Aina za kienyeji hungoja siku zifupike ndipo zitoe maua, hivyo mavuno huja Julai na kuendelea, katika miezi ambayo mboga ni adimu. Majani yake huanguka na kuwa matandazo bila mtu kuyabeba. Mashina makavu ni kuni, na mama anayekwenda porini kutafuta kuni katika eneo lisilo na usalama wa kutosha ajua thamani ya kuni zilizo shambani mwake. Mbaazi mbichi za nazi hazihitaji sifa kutoka kwetu.

Asipande shamba zima kwa tamaa ya soko, hata hivyo. Julai 2016 India na Msumbiji zilitia saini makubaliano ya kununua mbaazi, tani 100,000 kwa kuanzia na kufikia tani 200,000 mwaka 2020/21. Wakulima wakapanda. Agosti 2017 India, ikiwa imevuna zake nyingi, iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei ikaanguka Msumbiji na Tanzania pia. Waliokuwa wamezipanda kwa ajili ya chungu na udongo hawakupata hasara kubwa kama wale waliokopa.

Fiwi hufunika vizuri na hustahimili ukame. Majani na maganda machanga huliwa, lakini mbegu zake kavu zichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe, na asiye na maji ya kutosha aziache. Marejea nayo isisahauliwe. Wasomaji wa Songea watakumbuka jinsi Padri Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho alivyoihubiri katika miaka ya 1980 kama mbolea ya kijani. Humea wima na kuyanyima magugu jua. Magharibi ya Kenya majani yake ni mboga iitwayo mitoo. Mbegu zake si chakula.

Moto, panya na urefu wa mimea

Adui wa kwanza wa matandazo katika pwani hiyo si ng'ombe, maana ng'ombe ni wachache. Ni moto. Kati ya Agosti na Novemba watu huchoma kichaka kusafisha mashamba au kufukuza panya wa kuliwa, na moto uliowashwa kwa ajili ya panya watano huteketeza kazi ya mwaka mzima ya jirani. Njia ya moto yenye upana wa hatua nne au tano, iliyopaliliwa ikabaki mchanga mtupu, ni ya lazima. Hapo ndipo udongo unapoachwa uchi kwa sababu. Mapatano ya kijiji kizima juu ya siku za kuchoma yana nguvu kuliko njia ya moto ya mtu mmoja.

Kifuniko kinene pia hupendwa na nyoka na panya, kwa hiyo kisifike mlangoni. Tena askari watalielewa jambo hili upesi: mbaazi hupita kimo cha mtu. Shamba lililo kando ya njia ya watoto wa shule, kando ya kisima au karibu na nyumba, lipandwe kunde, njugu mawe au choroko, na mbaazi zisogezwe nyuma. Kikosi kinachotaka eneo fulani libaki wazi kiseme mapema, kabla ya mvua, mkulima apande kifupi. Kufyeka mbaazi yenye maua ni kuitoa mboga ya Agosti mdomoni mwa mtu.

Je, wakulima wadogo wanaweza kuyafuata haya? Katika mkoa huohuo wa Cabo Delgado, upande wa kusini karibu na Pemba, shirika la Aga Khan Foundation lilieneza kilimo hifadhi cha matandazo na mikunde kabla ya vita kuanza. Utafiti ulioongozwa na Baqir Lalani katika wilaya ya Metuge, uliochapishwa 2016, ulieleza yaliyowavuta wakulima wenyewe: mavuno, kupungua kwa kazi, na udongo kuwa bora. Inafaa kuongeza kwamba nafuu ya kazi haiji msimu wa kwanza. Mtu aliyeacha kutifua shamba ambalo bado halijafunikwa vizuri atakutana na magugu mengi zaidi, na aliyeambiwa vinginevyo ataukata tamaa Februari. Ni busara kuanza na robo ekari iliyo karibu na nyumba, huku sehemu iliyobaki ikilimwa kama kawaida.

Lililobaki ni mbegu. Msaada wa mbegu ukifika baada ya mvua kushika, mkulima huwa amekwisha kuchelewa, kwa hiyo akiba ya nyumbani ndiyo ya kutegemewa. Kwa ekari moja, kunde zahitaji kilo 8 hadi 10, na mbaazi zilizochanganywa na mahindi kilo 3 au 4. Chagua maganda ya miche iliyozaa vizuri, anika mpaka mbegu ikitafunwa ivunjike badala ya kubonyea, changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, kisha jaza chupa au dumu hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo, na ulifunge kwa nta au mpira. Fukusi huingia tangu shambani, kwa hiyo chombo kifungwe mara tu mbegu zikipoa kutoka juani, wala kisifunguliwe kwa kuonja hadi mawingu ya Novemba yaonekane.